Mama ana miaka 71, pumu na sukari: nimpeleke akachanjwe homa ya mafua kabla ya baridi ya Juni, au nitapoteza fedha?

#1 Mwalimu_wa_Uyole
Habari za jioni, wadau. Naomba ushauri wenu kabla mwezi wa sita haujatukuta.

Mama yangu alizaliwa Makete na huko ndiko alikozeekea, lakini tangu baba afariki anaishi nami hapa Uyole. Pumu anayo miaka mingi, na sukari iligunduliwa miaka minne iliyopita. Julai ya mwaka juzi alishikwa na mafua yaliyoanza kidogo tu, kisha yakashuka kifuani. Julai ya mwaka jana yalimlaza wodini siku tisa, na mimi ndiye niliyelala naye. Usiku wa tatu alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kusimama kuvuta pumzi, na kila alipokohoa alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua kwamba bado anayo. Daktari aliandika kichomi kilichofuata homa ya mafua.

Mdogo wangu ni muuguzi Uingereza. Anasema kule wazee wote waliofikisha miaka 65 huchanjwa bure kila mwaka kabla ya majira ya baridi, na ananisihi nimchanje mama. Nilipouliza kwenye zahanati yetu niliambiwa chanjo hiyo haimo katika ratiba ya serikali. Kliniki moja binafsi mjini inasema inayo, kwa fedha ambayo nilikuwa nimeitenga kwa ajili ya mbolea ya viazi. Kaka yetu mkubwa anasema mafua hayachanjwi, yanasubiriwa yapite. Mimi nimekwama katikati yao.

#2 Mfugaji_Iwambi
Mwalimu, mimi si mtaalamu wa binadamu, nitasema ninachokijua. Kuku wangu nawadondoshea chanjo ya mdondo jichoni, tone moja moja, na nairudia kila baada ya miezi mitatu au minne. Kuna mwaka niliruka awamu moja tu kwa sababu bei ya mayai ilikuwa mbaya. Niliamka Jumatatu nikakuta kuku wamepinda shingo, na kufikia Ijumaa banda la kuku 140 lilikuwa na kuku 11. Tangu siku hiyo sijapiga tena hesabu ya bei ya chanjo peke yake bila kuweka pembeni bei ya banda tupu.

#3 Mzaliwa_wa_Bulongwa
Pole kwa kuuguza, mwalimu, na mpe mama salamu zetu za nyumbani. Hata hivyo naomba nitofautiane na mdogo wako. Sisi wa Makete tumekulia kwenye sakitu, tukienda shule asubuhi nyasi zikiwa nyeupe kama zimemwagiwa chumvi, na hakuna aliyetuchanja mafua. Tulikunywa tangawizi, tukajifukiza majani ya mkaratusi, na ndani ya siku saba mtu alikuwa shambani. Kama mafua yangekuwa ugonjwa wa kuchanjwa, Makete ingekuwa imeisha. Mbolea ni chakula cha mwaka mzima, usiiguse.

#4 Muuguzi_Mstaafu_Tukuyu
Nashukuru kwa mada hii. Naona tatizo la kwanza ni la jina, nalo limenisumbua miaka yote ya kazi yangu.

Mafua ya kawaida husababishwa na virusi vya aina zaidi ya 200, na kweli mtu hupona mwenyewe. Homa ya mafua ni ugonjwa mwingine, unaoletwa na virusi vya influenza, hasa vya kundi A na kundi B. Huyo mgonjwa haanzi na chafya. Anaanguka ghafla, homa inapanda, viungo vinauma kama amepigwa, kichwa kinagonga, na kikohozi kikavu kinafuata. Kwa kuwa sisi tunayaita yote mafua, mzee wa miaka 71 mwenye pumu anawekwa kapu moja na kijana anayepenga kamasi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba homa hii huua watu kati ya 290,000 na 650,000 duniani kila mwaka kwa matatizo ya upumuaji, na wengi wao ni watu wa hali kama ya mama yako: wazee, wenye pumu, wenye sukari, wenye matatizo ya moyo, wajawazito na watoto wadogo.

Ndugu wa Bulongwa, mvuke unafungua pua, hilo sikatai. Lakini hauui kirusi kilichokwisha kuingia mwilini, na kwa mgonjwa wa pumu mvuke mkali wa mkaratusi unaweza kumbana kifua. Naomba sana asifukizwe huyo mama.

#5 Fundi_Mbao_Mafinga
Mimi nimewahi kuchanjwa, na nadhani ni wachache hapa wanaoweza kusema hivyo. Kampuni iliyotupeleka mafunzo nje ya nchi ilitulazimisha. Usiku ule ule nikapata homa, mwili ukaniuma, na wiki iliyofuata nikashikwa na mafua makali kuliko yote niliyowahi kuugua. Mtu akiniambia chanjo hii haileti ugonjwa, mimi mwili wangu ndio shahidi. Wanakuwekea virusi hai, halafu wanakuombea upone.

#6 Mfamasia_Matola
Fundi, pole, na sikatai hata kidogo kwamba uliumwa. Nasahihisha sehemu ya mwisho tu. Chanjo ya sindano ya homa ya mafua ina virusi vilivyouawa au vipande vyake, na kilichokufa hakiwezi kuzaliana ndani yako. Kuna chanjo nyingine ya kunyunyizia puani ambayo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, lakini sindano uliyochomwa si hiyo.

Homa ya usiku wa kwanza, maumivu ya mkono na uchovu ni mwili unaotengeneza kingamwili. Kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Kuhusu wiki iliyofuata, kinga huchukua takriban wiki mbili kujengeka, kwa hiyo aliyeambukizwa siku ya tano anaumwa kama ambaye hakuchanjwa. Na inawezekana pia kwamba ulipata moja ya vile virusi zaidi ya 200 alivyovitaja muuguzi, ambavyo chanjo hii haivigusi kabisa.

#7 Fundi_Mbao_Mafinga
Nimekuelewa, mfamasia. Lakini tukubaliane kwamba mtu akichanjwa, akaumwa wiki mbili zinazofuata, kisha akaambiwa haikuwa chanjo, ni vigumu kumrudisha mwaka unaofuata.

#8 Hesabu_Kwanza_Iringa
Kamwene wote. Naona kila upande unasema chanjo inafanya kazi au haifanyi, na hakuna anayesema inafanya kwa kiasi gani. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya majaribio ya miaka mingi. Kwa watu wazima wenye afya, waliopata homa ya mafua iliyothibitishwa walikuwa asilimia 2.3 bila chanjo, na asilimia 0.9 wakiwa na chanjo, yaani inabidi uchanje watu 71 ili mmoja asiugue. Kwa wenye miaka 65 na kuendelea ilikuwa asilimia 6 dhidi ya 2.4, yaani watu 30 kwa mmoja, na waandishi wenyewe walisema ushahidi wa kundi hili si imara sana. Tena kuna misimu ambayo kirusi kinabadilika baada ya chanjo kutengenezwa. Marekani msimu wa 2014/2015 chanjo ilipunguza ugonjwa kwa takriban asilimia 19 tu, wakati msimu ambao chanjo imelingana na virusi hufika asilimia 40 hadi 60.

Sisemi mwalimu asichanje. Nasema anunue akijua ananunua nini, kwa sababu nusu ya kinga haiwezi kuitwa ukuta.

#9 Muuguzi_Mstaafu_Tukuyu
Hesabu zako ni za kweli, na nimefurahi kuzisoma. Ila umepima kuumwa na kutoumwa. Mimi niliyekaa wodi ya wazee napima kitu kingine: ameumwa akiwa nyumbani na uji wake, au ameumwa akiwa kwenye oksijeni. Asilimia 6 hiyo ni ya wazee kwa jumla. Mama huyu tayari amelazwa mara moja, na misimu miwili mfululizo imemshukia kifuani. Hawezi kuhesabiwa kama mzee yeyote.

#10 Mzaliwa_wa_Bulongwa
Dada muuguzi, nauliza kwa heshima. Kama ni muhimu hivyo, kwa nini serikali haitoi? Chanjo za watoto zinatolewa bure mpaka vijijini kwetu, kwa pikipiki, kwa miguu. Hii ya wazee imekosa nini?

#11 Mfamasia_Matola
Nadhani jibu ni fedha. Chanjo ya surua humkinga mtoto kwa miaka mingi. Hii ni ya kila mwaka, kwa sababu kirusi kinajibadilisha na kinga yenyewe inapungua. Shirika la Afya Duniani huketi mara mbili kwa mwaka, Februari kwa ajili ya kaskazini mwa dunia na Septemba kwa ajili ya kusini, kuchagua aina za virusi za kuwekwa. Nchi inayoanza leo inajifunga kununua kila mwaka.

#12 Afisa_Afya_Makambako
Fedha ni sehemu, lakini mimi naona sababu nyingine. Mtoto ana kadi, ana siku ya kliniki, ana mama anayempeleka. Chanjo ya nimonia na ya rota zilipoanza kutolewa nchini mwaka 2013 ziliingizwa kwenye siku zile zile za watoto, na ile ya saratani ya mlango wa kizazi mwaka 2018 ikawafuata wasichana wa miaka 14. Mzee hana siku yake. Hata chanjo hii ikiletwa bure kesho, hatujui tutamkuta wapi, isipokuwa kliniki za presha na sukari.

#13 Hesabu_Kwanza_Iringa
Naongeza ya tatu: hatupimi. Mtu akija na homa anapimwa malaria, ikikosekana anaambiwa ni taifodi au njia ya mkojo, anapewa vidonge anarudi nyumbani. Ugonjwa usiopimwa hauna takwimu, na usio na takwimu hauombewi bajeti.

#14 Mjukuu_wa_Rungwe
Wadau, kama kuna anayedhani huku hatuna historia na homa hii, naomba mnisikilize. Bibi yangu alikuwa akihadithia aliyosimuliwa na mama yake kuhusu mwisho wa vita ya Wajerumani. Alisema, nyumba uliyoiona asubuhi inafuka moshi, jioni ukipita haifuki, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kwenda kuuliza. Nilidhani ni njaa tu, mpaka nilipokuja kusoma. Ile ilikuwa homa ya mafua ya mwaka 1918, iliyotoka Hispania na kuletwa na wanajeshi na wapagazi waliokuwa wakirudi makwao. Kusini magharibi mwa nchi yetu iliikuta watu wamekwisha kunyang'anywa chakula na vita. Kikosi cha von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kilisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, na askari na wapagazi waliopona risasi wengi walikufa kwa homa hiyo.

#15 Afisa_Afya_Makambako
Asante kwa simulizi hiyo, imenigusa sana. Sahihisho dogo: haikutoka Hispania. Nchi zilizokuwa vitani zilizuia magazeti yao kuandika habari za ugonjwa. Hispania haikuwa vitani, magazeti yake yaliandika waziwazi, na jina likaishia kwao. Ilipoanzia panabishaniwa mpaka leo. Makadirio yanayotajwa zaidi ni vifo milioni 50 duniani, na wakati huo chanjo yake haikuwepo kabisa.

#16 Mjukuu_wa_Rungwe
Ndaga fijo kwa kunirekebisha.

#17 Mzaliwa_wa_Bulongwa
Simulizi ni nzito, na sitaipinga. Narudi kwa mama. Tujiulize kwa nini ni Julai kila mara. Chanzo ni baridi yenyewe. Huku kwetu Juni na Julai mtu mzima analala na nguo tatu. Mpe mama chumba chenye joto kabla ya kumpa sindano.

#18 Mfamasia_Matola
Ingekuwa baridi peke yake, Dar es Salaam isingekuwa na homa ya mafua, na inayo. Katika nchi za tropiki kirusi hiki huweza kuzunguka mwaka mzima, kikiwa na vilele zaidi ya kimoja. Ninavyoamini mimi, tatizo la Julai yetu ni ukavu pamoja na baridi: hewa kavu humpa kirusi muda mrefu zaidi wa kuishi nje ya mwili.

#19 Matroni_wa_Bweni
Mimi nasema ni kukaa pamoja. Baridi ikianza, wasichana wangu hufunga madirisha yote ya bweni, vitanda vya ghorofa, mmoja anakohoa juu na mwingine anavuta chini. Shule zikifungwa wanakwenda kuwakumbatia bibi zao. Mwezi wa nane tunakwenda wote Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, tunasongamana tena.

#20 Mfugaji_Iwambi
Na vumbi je? Na moshi? Mwalimu, naomba kuuliza: mama anaota moto wa nini?

#21 Mwalimu_wa_Uyole
Nimesoma kila bandiko, na nawashukuru. Mfugaji, umeuliza swali ambalo daktari hakuniuliza. Mama anaota jiko la makaa. Saa mbili usiku analiingiza chumbani, anafunga dirisha na kuweka kanga chini ya mlango ili joto lisitoke.

#22 Muuguzi_Mstaafu_Tukuyu
Mwalimu, acha kusoma, nenda ukalitoe hilo jiko sasa hivi. Makaa ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, na watu huku kwetu wamelala nayo wakakutwa wamekufa asubuhi. Tutaendelea na chanjo ukirudi.

#23 Mwalimu_wa_Uyole
Nimelitoa. Amenuna kidogo, nimempa chupa mbili za maji ya moto nikazifunga kwenye soksi za baba.

#24 Mzaliwa_wa_Bulongwa
Basi mwalimu, huenda adui wa kifua chake alikuwa hilo jiko, na si kirusi chochote. Kaa msimu mmoja bila jiko kabla hujatoa fedha, utajua ukweli.

#25 Hesabu_Kwanza_Iringa
Hapo sikubaliani nawe. Kujua ukweli kwa njia hiyo ni kumfanya mama awe jaribio. Moshi unaumiza kifua, na kirusi kikikuta kifua kilichoumia kinafanya kazi rahisi zaidi. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli.

#26 Mama_Kijacho_Mwanjelwa
Samahani kwa kuingilia kati. Nina ujauzito wa miezi mitano, na muuguzi ametaja wajawazito. Mimi naogopa hata dawa ya kichwa, sindano kama hii si itamdhuru mtoto?

#27 Muuguzi_Mstaafu_Tukuyu
Mwanangu, hongera. Chanjo ya sindano inaruhusiwa kwa mjamzito, na zaidi ya hapo wajawazito wapo katika orodha ya kwanza ya wanaoshauriwa kuipata. Kule Soweto, Afrika Kusini, wajawazito zaidi ya 2,000 wasio na VVU walishiriki katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014. Homa ya mafua ilipungua kwa takriban nusu kwa akina mama na kwa watoto wao pia. Mtoto wa chini ya miezi sita hawezi kuchanjwa, kinga yake ni ile anayopewa na mama tumboni. Zungumza na kliniki yako wakuone wewe mwenyewe, usichukue maneno yangu kama cheti.

#28 Afisa_Afya_Makambako
Tusisahau na wanaoishi na VVU, ambao homa hii huwaelemea zaidi. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 uliweka Njombe, Iringa na Mbeya juu kuliko mikoa mingine kwa kiwango cha maambukizi. Wazee wenye sukari wanalelewa na watoto wenye VVU nyumba hiyo hiyo. Mimi nikisema suala hili ni letu, namaanisha hivyo.

#29 Fundi_Mbao_Mafinga
Mimi bado nina hofu na nitaisema. Mbeya tumefanyiwa majaribio mengi ya chanjo. Tutajuaje kwamba hii nayo si jaribio?

#30 Mfamasia_Matola
Swali la haki. Majaribio kweli yamefanyika Mbeya, na wenzetu walijitolea kwa hiari yao, wakaelezwa na kutia saini. Lile la chanjo ya VVU la PrEPVacc lilisitisha uchomaji mwishoni mwa mwaka 2023, watafiti walipoona hakuna matumaini ya kuzuia maambukizi, na walitangaza wenyewe. Hii ya homa ya mafua inatumika kwa raia tangu miaka ya 1940. Madhara makubwa yametokea: mwaka 1976 Marekani ilichanja watu zaidi ya milioni 40 dhidi ya homa ya mafua ya nguruwe, ikaonekana nyongeza ya mgonjwa mmoja hivi wa kupooza kwa Guillain-Barré katika kila watu 100,000, na zoezi likasimamishwa. Nakutajia hilo ili uone kwamba yakitokea huhesabiwa.

Mwalimu, ukienda kliniki uliza mambo mawili. Jokofu: chanjo hii hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda imeharibika, hata kama kwa macho inaonekana nzima. Na boksi: limeandikwa msimu gani.

#31 Mwalimu_wa_Uyole
Nimerudi leo, na nimekwenda na mama, kwa sababu nimetambua kwamba tunajadili mkono wake bila kumwuliza yeye.

Jokofu lilikuwa na kipimajoto mlangoni, kinasoma nyuzi 5, na daftari la kuandika asubuhi na jioni limening'inizwa kwa kamba. Muuguzi akatoa boksi moja. Mama alilishika mbali na macho kama anavyoshika Biblia, akaniomba nimsomee kila kitu. Nikasoma mpaka kwenye msimu. Lilikuwa la msimu wa kaskazini uliopita, na muda wake unaisha tarehe 30 Juni. Mama akamwuliza muuguzi, "Sasa mwanangu, hii ni ya baridi ya wapi?" Muuguzi hakucheka. Akasema ni swali zuri, na kwamba ya msimu wa kusini wanaitarajia Jumanne ijayo.

#32 Mfamasia_Matola
Mama ameuliza kuliko sisi sote. Miaka mingine aina za virusi katika matoleo hayo mawili hufanana, miaka mingine hutofautiana. Ningekuwa mimi ningesubiri Jumanne, mradi Jumanne hiyo iwe ya kweli.

#33 Muuguzi_Mstaafu_Tukuyu
Mimi ningemchoma leo. Jumanne za mizigo nazijua, na wiki mbili za kujenga kinga zinahesabiwa kuanzia siku ya sindano, hazianzi siku ya kuagiza.

#34 Mzaliwa_wa_Bulongwa
Nami nasimama na mbolea. Lakini nimefurahi kusikia jiko limetoka.

#35 Mwalimu_wa_Uyole
Mama amesema Jumanne. Ana swali moja kwa mfamasia: mkono utauma kiasi gani, maana ana vikapu vitatu vya oda vinavyotakiwa Jumamosi.

#36 Mfamasia_Matola
Siku moja au mbili. Aombe kuchomwa mkono ule asioutumia sana kusukia.

#37 Mwalimu_wa_Uyole
Anasema anasukia yote miwili, basi vikapu vitaanza kesho.